Ramani Haina Pindo

Bwenini, 3 Septemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limeacha kulalamika sasa mvua zimekwisha. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una homa.

Bibi, nataka kurudi nyumbani. Nimeitanguliza sentensi hiyo kwa sababu nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka karatasi iishe, na simu haziruhusiwi hapa. Jiografia imenishinda. Siyo ile ya kidato cha nne ya kutaja mazao na mvua. Hii ya kidato cha tano ina ramani ya mistari mitupu, mistari hiyo inaitwa kontua. Wanasema ukiitazama unaona milima na mabonde. Wenzangu wanaona. Mimi naona nyuzi zilizomwagika sakafuni kwako.

Jana mwalimu alirudisha jaribio. Tunamwita Mwalimu Kontua, maana akikasirika mistari ya paji la uso wake inabanana. Tuliambiwa tuchore mto unavyoshuka kutoka kilimani. Wangu niliupitisha juu ya mgongo wa kilima, ukapanda, ukashukia upande wa pili. Mwalimu akaiinua karatasi mbele ya darasa: "Tazameni, mto wa mwenzenu umechoka kuteremka, umeamua kupanda ngazi." Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo naitwa Mto Panda. Leo asubuhi hata mpishi ameniita hivyo akinimiminia chai.

Nimeshafikiri. Nitakuja tukae wote kwenye cherehani, unifundishe kushona. Mkono wangu si mbaya, mwenyewe ulisema. Nijibu ndiyo tu, nifunge sanduku.

Mjukuu wako

Matroni husoma barua zote, zinazotoka na zinazoingia. Matroni, samahani.


Nyumbani, 14 Septemba

Mke mwenzangu,

Marahaba mara mbili, moja yako na nyingine ya huo moyo wenye homa. Goti limenyamaza, sasa bega limepokea zamu. Mama yako alipiga simu juzi kutoka huko kazini kwake, anakusalimu. Sijamwambia kitu.

Na wewe Matroni, hujambo? Najua unasoma. Msalimie na mume.

Haya, unataka kuja kushona. Njoo, sina neno. Cherehani ya pili ipo, inakatakata uzi kidogo lakini inakwenda. Ila umenikuta pabaya, mwenzangu. Nilikuwa nakata sare za watoto huku redio inaongea, nikasikia kwamba mtu yeyote mwenye cheti cha kidato cha nne anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha sita kwa kujitegemea, hata somo moja tu. Cheti changu kipo kabatini toka siku niliyoolewa na babu yako, kinanuka dawa ya nondo. Nikasema, mjukuu wangu anasoma jiografia, kwa nini nisisome na mimi? Nikaenda kituo cha watu wazima pale nyuma ya soko, nikajiandikisha. Tutafanya mtihani siku moja, wewe huko, mimi huku.

Sasa mwalimu wangu ni nani? Wewe. Kila anachokufundisha huyo Kontua, nifundishe mimi kwa barua. Ukirudi nyumbani bila kuijua ramani, mimi nitasoma kwa nani? Kwa hiyo tukubaliane: siku utakayoacha wewe, na mimi naacha. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nguo nimeshavua, nimesimama hapa ukingoni na umri wangu huu. Usinicheke.

Anza na hizo kontua. Usiniandikie maneno ya kitabu. Niambie kama tuko jikoni.

Bibi yako, mwanafunzi


Bwenini, 26 Septemba

Bibi,

Shikamoo, na bega pole. Umeanza lini utundu huu? Matroni ameniletea barua yako mwenyewe, anacheka mpaka kilemba kinamwanguka. Anasema mume hana, lakini salamu kazipokea.

Nimekaa nikijiuliza, nitamwambiaje Bibi kitu ambacho mimi mwenyewe sikioni? Basi chukua kiazi kikubwa, kikate katikati, kilaze kwenye beseni kwa upande uliokatwa. Hicho ndicho kilima. Mimina maji yafike kimo cha ukucha. Pale maji yanapogusa kiazi, zungusha mkwaruzo kwa ncha ya kisu. Ongeza maji kimo kilekile, zungusha tena. Endelea mpaka kilima kizame. Mwaga maji, halafu simama ukitazame kiazi kutoka juu kabisa, kama kunguru. Mikwaruzo unayoiona ndiyo kontua. Ukitembea juu ya mkwaruzo mmoja hupandi wala hushuki. Ikibanana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare.

Nafikiri. Naandika hivyo kwa sababu nikirudi kwenye ramani bado naona nyuzi. Sanduku liko chini ya kitanda, nguo nusu ndani, nusu nje. Niambie kama umeelewa, ndipo niamue.

Mjukuu wako


Nyumbani, 8 Oktoba

Mwalimu wangu,

Marahaba. Bega linakwenda kwa kubembelezwa. Wewe unakula? Usinidanganye, Matroni ataniambia.

Kiazi nimekifanya. Nimepanda kwenye kigoda, mikono kiunoni, nalitazama beseni kama kunguru ulivyosema, mara jirani muuza vitunguu akachungulia dirishani. Akauliza, "Mama, unakiogesha?" Nikamwambia nasoma. Akaenda kumwita mwenzake.

Sasa nina malalamiko. Kiazi changu kina kibonyeo ubavuni, nadhani jembe lilikigusa shambani, kinashuka toka juu mpaka chini. Nikizungusha kisu vizuri tu, kila mstari ukifika pale unajikunja kuingia ndani, kuelekea kileleni, kisha unatoka unaendelea na safari. Nimechukua kiazi kingine chenye kasoro hiyohiyo, mambo ni yaleyale. Na nilipokimwagia maji kukisafisha, maji yote yalikimbilia humo kibonyeoni. Nadhani nimeharibu. Niambie nimekosea wapi.

Somo lilipokwisha nilikipika kilima kwa chumvi nikakila. Elimu haitupwi.

Bibi yako, mwanafunzi mzito


Bwenini, 19 Oktoba

Bibi! Bibi! Bibi!

Shikamoo, habari za bega, mimi mzima, sasa nisikilize. Hujakosea! Hicho kibonyeo ni bonde, na bonde ndiko mto unakopita. Mistari ikijikunja kuelekea kileleni, hapo ndipo maji yanaposhukia. Mimi kwenye jaribio niliuchora mto pale mistari inapotokeza nje, juu ya mgongo, mahali ambapo hata tone haliwezi kukaa. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye mlango wa bweni. Nikakimbia nikaifungua ramani, na Bibi, vilima vikainuka. Wallahi vimeinuka! Nililia kama mtoto. Matroni akadhani kuna msiba nyumbani, wakati barua alishaisoma.

Nikaomba kiazi jikoni, nikakipeleka ofisini kwa Mwalimu Kontua na beseni langu la kufulia. Akatazama mpaka mwisho. Paji la uso likatanuka, likawa tambarare. Akauliza, "Nani kakufundisha hivi?" Nikamjibu, "Mwanafunzi wangu."

Nguo nimezirudisha kabatini. Kwa sasa.

Somo la pili ni kupima umbali. Nimekunakilia ramani yetu kwenye karatasi nyepesi, imo ndani ya bahasha. Sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ya ardhini. Barabara ikipinda huwezi kutumia rula, unachukua uzi, unaulaza juu yake kona kwa kona, unakata, kisha unaunyoosha kwenye rula. Hapo naona umeshacheka, maana uzi ni nyumbani kwako. Nipimie vitu vitatu: barabara toka shuleni hadi kinuni, mto wote, na njia ya miguu toka zahanati hadi kisimani.

Mwalimu wako


Nyumbani, 1 Novemba

Mwalimu,

Marahaba. Wote wazima, hata bega. Kazi yako ni hii hapa, na sikutumia jasho. Barabara, kilomita tisa na nusu. Mto, kumi na moja na nusu. Njia ya miguu, nne na nusu. Kama kuna zawadi, nataka kofia yenye kivuli, jua la jiografia ni kali.

Matroni, umeona? Mtu mzima hatishiki na uzi.

Bibi yako, fundi wa barabara


Bwenini, 12 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Kofia subiri kwanza. Umekosa yote matatu! Barabara ni kilomita nane. Mto ni kumi. Njia ya miguu ni tatu. Nimepima mimi, kapima Mwalimu Kontua, kapima na Matroni kwa uzi aliouchomoa kwenye shuka la shule. Na kila mahali umezidisha kilomita moja na nusu, haipungui, haiongezeki. Matroni anasema, "Huyu bibi hakosei ovyo, anakosea kwa mpango."

Rula yako ni nzima? Unaulaza uzi bila kuuvuta? Usikasirike. Nitumie nyuzi zenyewe.

Mwalimu wako


Nyumbani, 20 Novemba

Mwalimu,

Marahaba. Sijakasirika. Rula ni nzima, macho ni mazima, na nimekata nguo za watu tangu mama yako hajazaliwa, hakuna aliyerudisha kwamba haimtoshi. Nyuzi ni hizi. Nyekundu barabara, buluu mto, nyeupe njia ya miguu. Pimeni na Matroni wako na shuka lake.

Bibi yako, ambaye hajakasirika


Bwenini, 29 Novemba

Bibi yangu,

Shikamoo, tena kwa magoti. Nimezilaza nyuzi zako juu ya ramani, mmoja mmoja. Zinafuata kila kona vizuri kuliko zangu. Lakini uzi hauanzii shuleni, umetokea nyuma kidogo. Ukifika kinuni hauishi, unapita mbele kidogo. Buluu hivyohivyo. Nyeupe hivyohivyo. Unene wa kidole huku, unene wa kidole kule.

Bibi, umeacha nafasi ya mshono!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikageuka, sijui kwa nini. Nilikumbuka sketi yangu ya shule ya msingi. Kila mwaka ulifumua pindo ukaishusha, na kila pindo la zamani liliacha mstari wake kwenye kitambaa, mmoja chini ya mwingine. Watoto walinicheka kwa ile mistari. Leo ningepata ile sketi ningeivaa darasani. Wewe kila ulichonikatia mimi uliacha cha kuongezea, hata mkono wako haujui tena kukata bila kuacha.

Lakini sikiliza, mwanafunzi. Barabara haiunganishwi na kitu. Mto hautanenepa mwakani. Ramani haina pindo. Ukikata, kata palepale. Sema hivyo kila ukishika mkasi.

Narudi likizo wiki ijayo. Nitakuja na sanduku, lakini ni la likizo tu.

Mjukuu wako


Bwenini, 5 Machi, mwaka mmoja na ushei baadaye

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Mwaka wa kwanza nilipita salama, na kidato cha sita sasa kimetubana kooni. Habari za bega na wateja? Likizo ilipita haraka, tulipima kila kitu mle ndani mpaka paka akakimbia.

Mtihani ni Mei. Sisi tumeshapewa namba zetu. Kabla ya kulala nafikiria jinsi tutakavyofungua karatasi ileile asubuhi ileile, na hofu inapungua. Wasichana wa bweni wanaulizia mtihani wako kuliko wangu. Namba yako ni ngapi? Utakaa chumba gani? Nataka nikukumbuke mahali penyewe.

Mjukuu wako, jina la Mto Panda limekufa


Nyumbani, 17 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, hongera kwa kufika huko. Hapa joto limepamba moto, mteja wa jana kajaribu gauni akazimia nusu. Nilitaka kukuuliza kuhusu mawingu. Yale mazito meusi yanayosimama kama mnara ndiyo yenye radi? Na kwa nini mvua inanyesha upande mmoja wa mlima tu, upande wa pili unabaki unameza mate? Nifafanulie vizuri, usifupishe. Halafu mama yako amenenepa, katuma picha. Muuza vitunguu naye anasema anataka kusoma historia.

Ule matunda. Matroni msalimie.

Bibi yako


Bwenini, 28 Machi

Bibi,

Shikamoo. Mawingu nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, pande zote mbili.

Hujanijibu namba yako. Na siku hizi husaini tena "mwanafunzi". Nijibu hilo moja tu.

Mjukuu wako


Nyumbani, 11 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mwili ni mzima, leo moyo wangu ndio wenye homa.

Njia ya mwongo ni fupi, hata ukiipima kwa uzi wangu wenye nafasi ya mshono. Sina namba. Sikujiandikisha. Barua yako ile ya kwanza ilinitia baridi, nikajua nikikukatalia utafunga sanduku siku hiyohiyo. Wewe toka mdogo huwezi kumnyima mtu anayekuomba. Basi nikakuomba. Nilidhani nitajifanya mwanafunzi mwezi mmoja, miwili, mpaka ukae sawa, halafu niseme nimezeeka, nimeacha, wewe endelea.

Kile kiazi ndicho kilichoniharibia mpango. Kiliniingia, mwenzangu. Nikaanza kuamka mapema niitazame ramani yako kabla ya wateja. Nikipanda njia ya sokoni nasema, hapa zimebanana. Nikipita mtaroni nasema, hapa zimejikunja. Nikataka kweli. Januari ya mwaka huu nikavaa gauni langu la kutokea, nikaenda kituoni. Foleni yote vijana, wengine niliwashonea kaptula za shule ya awali. Nikafika mezani, karani akaniuliza kwa adabu kabisa, "Bibi, umekuja kumwandikisha mjukuu?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo, mke mwenzangu. Nikageuka nikarudi nyumbani, siku ile nikapachika zipu kinyume kwenye sketi za wateja wote.

Kwa mwaka huu wameshafunga. Nimeona aibu kukwambia. Nuna, una haki. Niite jina lolote. Lakini usiache, nakuomba, na safari hii siigizi.

Bibi yako


Nyumbani, 2 Mei

Mjukuu wangu,

Hujambo huko? Sijapata jibu. Posta nimekwenda mpaka wananijua kwa kikohozi. Mtihani ni wiki ijayo. Kama bado umenuna, nenda nao huohuo mnuno, uukalie pale kwenye kiti, lakini nenda. Siku hiyo sitashika mkasi mpaka nijue mmemaliza.

Matroni, wewe unayesoma, nakuomba kama mzazi kwa mzazi. Mwangalie.

Bibi yako


Bwenini, 20 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nilikununia. Barua yako ya Aprili Matroni aliileta bila kucheka, akakaa kitandani kwangu nikiisoma. Niliona nimefanywa mtoto. Miezi yote ile nilikuwa najivuna nina mwanafunzi, kumbe nilikuwa nabembelezwa. Nikasema tulikubaliana, akiacha mmoja na mwingine anaacha. Nikavuta sanduku.

Matroni akalikalia. Na alivyo mnene, hata watu wawili hawamwinui. Akasema hatoki mpaka nimweleze kwa nini mvua inanyesha upande mmoja wa mlima. Nikaanza kumweleza kwa hasira. Nikaeleza mpaka chakula cha jioni, wasichana wakajaa, wengine wanaandika. Katikati ya maelezo nikajisikia sauti yangu, Bibi. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua. Hiyo hukuniigizia. Hiyo ulinipa.

Nilikwenda. Swali la kwanza lilikuwa ramani, la kwanza kabisa! Barabara imepindapinda, tumepewa na uzi. Nikaulaza, nikashika mkasi, nikasema kimoyomoyo ramani haina pindo, nikacheka kwa sauti. Msimamizi akanijia juu, "Binti, kuna nini?" Nikamwambia, "Bibi yangu." Akadhani umefariki, akaniletea maji. Mto nimeupitisha bondeni, umeshuka salama.

Narudi Jumamosi na sanduku lote, shule imekwisha. Jumatatu vaa lile gauni la kutokea. Tulikubaliana pamoja, na mimi nimeshaoga, zamu yako sasa. Foleni tutapanga wote. Karani akiuliza kama umekuja kumwandikisha mjukuu, wewe nyamaza. Nitajibu mimi.

Mjukuu wako, ambaye hajanuna tena


Nyumbani, 14 Mei, mwaka uliofuata

Mwalimu mtarajiwa wangu huko chuoni,

Hujambo? Mimi sijambo, na goti na bega wote wametulia, nadhani wameshikwa na heshima. Jana nimefanya mtihani.

Niliingia na rula, kalamu na ile karatasi yako ya ramani kifuani, nikaitoa mlangoni maana haikuruhusiwa. Msimamizi akanisogezea kiti chake mbele. Alidhani nimekuja kusimamia. Nikamwonyesha namba yangu, akaitazama, akanitazama, akaniomba radhi. Nilitaka kurudi nyumbani, sikufichi. Nikamkumbuka karani wa mwaka jana, ulivyomwambia mbele ya foleni yote, "Nimekuja kumwandikisha bibi yangu, na mimi ndiye mwalimu wake." Nikaifungua karatasi.

Ramani ilikuwepo. Reli inazunguka kilima kama mkanda wa mtu mnene. Nikalaza uzi, nikafika mwisho, na huu mkono, mwenzangu, ukapitiliza wenyewe. Kidole kizima! Nikauona. Nikaurudisha nikakata palepale kwenye alama, na sijawahi kukata kitu kwa uchungu namna ile. Mengine niliyajibu, mengine niliyaruka. La mawingu niliandika mpaka nikaomba karatasi ya kuongeza. Matokeo yatakuja yakitaka. Nikifeli, narudia, na muuza vitunguu kashaahidi kunishika kitabu nikikariri.

Matroni kanipigia simu kuuliza swali la ramani lilikuwaje. Analia, nalia, hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kwenye kifurushi hiki kuna gauni, la kuvaa siku utakaposimama kwanza mbele ya darasa. Nimekata kwa vipimo vya likizo. Mabegani, kiunoni na chini nimeacha vidole viwiliviwili. Ukigeuza upande wa ndani utaona, na usiniandikie kwamba nimekosea. Ramani nimeikata sawasawa kwa sababu ramani haikui. Wewe bado unakua. Siku gauni likikubana, fumua tu, nafasi ipo.

Bibi yako, mtahiniwa